Nilivyomwachia Sajenti Naftali Daraja

Ipo siku moja, Mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona yote, kuanzia vumbi la barabara mpaka rangi ya khanga aliyojifunga mama wa mwisho kuvuka daraja. Nimekaa nayo zaidi ya miaka thelathini bila kumsimulia mtu wa ukoo huu. Baba yako haijui. Shangazi zako hawaijui. Wewe nakusimulia kwa sababu ya neno ulilolisema Jumamosi, ukiwa umekaa jikoni kwangu na nyota yako mpya begani, na sote tukacheka.

Ulisema kwamba katika platuni uliyopewa kuna sajenti wa umri wa baba yako, mtu wa Usa River, na kila asubuhi kabla hajakupigia saluti unamnong'oneza shikamoo. Ukasema, "Baba mkubwa, mimi siwezi kumwamrisha mtu kama yule. Akisema jambo namjibu tu, kama unavyoona, mzee." Mama yako alifurahi kuona jeshi halijakuharibu. Mimi nami nilicheka, tena kwa sauti, halafu nikasema naenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe hakuwa na shida yoyote. Alinishangaa tu nilivyosimama pale muda wote ule.

Nakuandikia badala ya kukuita kwa sababu najijua. Ukiwa mbele yangu nitaanza utani, nitakusimulia habari za mapishi ya kambini, na mwisho utaondoka na mkungu wa ndizi bila neno lenyewe. Kwa hiyo soma taratibu.

Sajenti Naftali alikuwa jirani yetu. Shamba lake na la babu yako yalitenganishwa na mfereji tu, huku juu ya Maji ya Chai. Nilipokuwa mdogo yeye alikuwa tayari askari, na kila akija likizo alivua gwanda siku hiyo hiyo na kuingia kwenye mibuni. Ndiye aliyenifundisha kupogolea kahawa. Alikuwa akisema mti haupunguzwi kwa hasira, unauzunguka kwanza, unauangalia, ndipo unakata. Siku ya kipaimara changu alinipa viatu vyake vya jeshi, vimeng'arishwa mpaka unajiona ndani yake. Vilinizidi sana. Nilijaza magazeti nikaenda navyo kanisani, nikatembea kama bata, na sikuwahi kujiona mtu wa maana kama siku ile.

Nawe unajua malezi yetu. Kijana hapingani na mzee. Ukiwa na wazo tofauti unalimeza, unasema "kama unavyoona", mzee anaamua, na akikosea kosa ni lake. Ndivyo tulivyogawana maji ya mfereji na ndivyo tulivyopatana mipaka ya mashamba. Siyadharau malezi hayo hata kidogo, maana yametulea sote na mpaka leo tunazikana na kuoana bila kupelekana polisi.

Basi nikasoma, nikaingia jeshini, nikatoka afisa. Nikapangiwa platuni, na sajenti wa platuni ile akawa nani kama si Naftali mwenyewe. Siku ya kwanza alinipigia saluti mbele ya askari wote. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa, lakini macho yalikuwa yanacheka. Nilipobaki naye peke yetu nikamwambia, "Shikamoo, baba." Akanitazama kidogo, akaitikia marahaba. Tangu siku hiyo tukawa hivyo: mbele ya watu mimi luteni, pembeni mimi mtoto. Sikuwahi kumpa amri hata moja. Nilikuwa namuuliza, "Baba, unaonaje tukifanya hivi?" Naye alikuwa anaona vizuri, kwa hiyo mambo yalikwenda, na mimi nikasifiwa kwamba platuni yangu imetulia.

Mtu mmoja tu hakudanganyika, naye ni kapteni wetu, mtu wa Tanga, mpole wa maneno. Alitukuta siku moja nyuma ya stoo nikimwamkia Naftali. Akanisubiri tukiwa wawili, akaniuliza, "Luteni, huyu siku akikuomba ruhusa ya kwenda kufa, utamjibu nini? Shikamoo?" Nilisimama kiaskari nikasema ndiyo afande, nimeelewa. Moyoni nikajiambia watu wa pwani hawatujui sisi watu wa mlimani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na kichwa kigumu kuliko mawe ya Meru.

Kisha tukapelekwa vitani. Sitaitaja nchi ile. Watu wake wameshapatana, hawapendi kukumbushwa. Ilikuwa nchi ya jirani, inapigana yenyewe kwa yenyewe, kaka upande huu na kaka upande ule, na serikali yake ilituomba tukaisaidie kulinda barabara na watu waliokuwa wanakimbia. Platuni yangu ilipewa mto mmoja wenye daraja la magogo. Waasi walikuwa wanasogea kutoka ng'ambo, na wanavijiji walikuwa wanavuka kuja upande wetu na kila walichoweza kubeba. Niliwaona watu wakibeba milango ya nyumba zao.

Niliwagawa askari hivi. Mimi na askari wengi tulikaa kilimani, kwenye shule iliyokuwa imeezuliwa paa, mahali ambapo nikiwa na darubini niliona bonde lote. Naftali na askari sita walikaa chini darajani. Kutoka kwangu hadi kwake, ukikimbia, ni dakika kumi. Asubuhi ya siku hiyo kapteni akanipigia kwa redio: daraja liachwe saa nane mchana, wote wapande kilimani, saa tisa tuondoke pamoja. Kisha akaongeza, "Lakini wewe uko pale, mimi sipo. Ukiona hali imebadilika, amua, halafu unijulishe."

Saa nane ilipofika nikamwita Naftali kwenye redio. Nikamwambia, "Baba, muda umefika. Unaonaje?"

"Kuna akina mama bado wako ng'ambo," akanijibu. "Na watoto. Nipe nusu saa."

Nikaangalia kwa darubini. Ng'ambo kweli kulikuwa na watu, mstari mrefu. Lakini upande wa kushoto wa daraja, upande wetu huu, mahali ambapo yeye hakuweza kuona kwa sababu ya miti, niliona watu wengine. Hawakuwa wamebeba milango. Walikuwa wamevuka mto sehemu ya juu na walikuwa wanashuka kwenye majani wakiwa wameachiana nafasi, kama wanavyofundishwa askari. Nikamwambia, "Baba, nawaona wanakuja kushoto kwako."

"Wako mbali?"

"Kama kilomita mbili."

Kisha akasema kwa sauti ile ile ya mfereji, ya mtu anayegawa maji, "Basi nusu saa inatosha. Unaonaje, Luteni?"

Hapo ndipo nataka uangalie vizuri, Mwanangu. Yeye aliniuliza. Mara ya kwanza katika maisha yetu yeye ndiye aliyeniuliza mimi, tena akaniita kwa cheo changu. Nilikuwa na mambo mawili ya kusema. Ningeweza kusema, "Hapana. Acha daraja, pandeni sasa hivi, ni amri." Wale akina mama wangeachwa ng'ambo, na mimi ningelala na hilo mpaka kaburini. Au ningeweza kusema, "Baki nusu saa, nakuletea watu kumi wakulinde kushoto." Watu nilikuwa nao. Walikuwa wamekaa nyuma yangu wamefunga mizigo, wananitazama. Yote mawili yalikuwa magumu, na kwa lolote kati ya hayo kapteni asingenilaumu.

Mimi nikasema, "Kama unavyoona, baba."

Akasema, "Sawa," akazima.

Kwa kuwa sikuamua chochote, sikufanya chochote. Sikuwashusha wale kumi, maana sikuwa nimesema daraja lishikiliwe. Sikumwondoa yeye, maana sikuwa nimesema liachwe. Nilisimama na darubini yangu nikihesabu watu wanaovuka, nikijipa moyo kwamba mzee anajua. Watu walivuka. Yule mama wa mwisho alivuka, mtoto mgongoni, khanga ya njano. Naftali alimsaidia kupanda ukingo, nilimwona akimshika mkono. Kisha wale wa kushoto wakafika mapema kuliko alivyopiga hesabu, wakaanza kupiga risasi. Hapo ndipo nilipopiga kelele watu wakimbie chini, na dakika kumi ni nyingi sana, Mwanangu. Tulipofika, wanne walikuwa wameshatoka wakikimbia kutujia. Naftali, koplo wake na askari mmoja kijana wa Singida hawakutoka.

Baada ya kurudi nyumbani nilikwenda mwenyewe kwa mke wake, Mama Elisante. Unamfahamu, ndiye yule bibi wa ng'ambo ya mfereji anayekupa maparachichi. Nilivaa sare, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia, "Mama, alichagua mwenyewe kubaki. Aliwaokoa watu wengi." Kila neno hapo lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilinitoka vizuri. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Ahsante kwa kuja, mwanangu," akaenda kunichemshia chai. Kanisani nikasoma wasifu wake. Watu walilia. Nilipanda cheo mwaka uliofuata.

Nikuambie namna ninavyomkumbuka? Sijui kama wewe, kwa umri wako, unaelewa kumkumbuka mtu namna hii. Naikumbuka mbinja yake ya kuita watu waje kula, ilikuwa na milio mitatu, wa mwisho unapanda juu. Mara moja nikiwa kwenye gulio la Maji ya Chai, mabasi ya Moshi yanapita, nilisikia mtu akipiga mbinja inayofanana na ile nikaacha nyanya zangu chini nikageuka. Alikuwa utingo anaita abiria. Nilirudi nyumbani bila nyanya. Namkumbuka kila mvua ikikatika na mlima ukijitokeza wote, maana yeye alikuwa anasimama mlangoni anautazama na kikombe mkononi. Namkumbuka nikiwa na jambo lolote gumu. Nimefikisha umri ambao vijana wananiamkia mimi mchana kutwa, mpaka marahaba imenichosha mdomo, na hakuna nikitamanicho kama kuwa na mtu mmoja wa kumwamkia kwa moyo vile nilivyomwamkia yeye. Wazee wangu wameniishia. Yeye aliniishia mapema kuliko wote, na kwa kuondoka kwake mapema, sehemu ya lawama ni yangu.

Kila mwaka mavuno yakimalizika nilikuwa navuka mfereji kwenda kupogolea mibuni ya Mama Elisante. Hata nilipokuwa bado jeshini niliomba likizo majira hayo. Watu waliniona mtu mwema. Yeye alinipikia ndizi, au loshoro, mahindi yaliyochanganywa na mtindi, tukala, tukazungumza habari za watoto wake na bei ya mbolea. Kuhusu siku ile hakuniuliza hata mara moja, nami nikachukulia kwamba tumemaliza. Kumbe mwenzangu alikuwa anangoja.

Mwaka jana aliniita. Macho yake sasa hayaoni vizuri. Alikuwa na barua mkononi, karatasi imekunjwa mpaka kwenye mikunjo imetoboka. Akaniambia, "Anaeli, nisomee hii. Herufi zimekuwa ndogo." Nikavaa miwani. Mwandiko niliutambua kabla sijasoma neno. Ilikuwa barua ya Naftali kutoka kule vitani, aliyoiandika wiki mbili kabla ya kufa.

Nikasoma. Aliuliza habari za ng'ombe, habari za ada ya Elisante, akasema mvua ya huko haina adabu. Kisha ikafika sehemu hii, nami nakuandikia kama ilivyo kwa sababu sasa naijua kwa moyo: "Luteni wetu ni Anaeli wa jirani. Ni kijana mzuri, ana akili, ataenda mbali. Lakini bado ananiamkia na haniamrishi. Nilitaka kumkataza tangu siku ya kwanza, ila nami nina kosa, mke wangu, napenda anavyoniita baba. Naogopa siku atakayotakiwa kuniambia neno zito, akashindwa kwa ajili yangu. Nikirudi salama nitamwambia."

Nilirudia mstari ule mara mbili. Mama Elisante hakunisaidia. Alisubiri mpaka nikamaliza salamu zote za mwisho, na majina ya watoto. Halafu akasema, "Hii barua ilifika kabla yako. Ulipokuja na sare zako nilikuwa nimeshaisoma. Sikutaka kujua alikufaje. Nilitaka kujua nani alimwambia abaki."

Nikamwambia, "Hakuna aliyemwambia, Mama. Mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia aondoke, au kushuka kumsaidia. Aliniuliza. Nikamwachia."

Nilidhani atanifukuza. Ningeondoka, tena kwa heshima. Alichukua barua yake akaikunja taratibu, akaiweka kwenye Biblia. Akasema, "Sasa ndiyo umefika msibani."

Akaniambia nisogeze kiti. Tukakaa. Tukamlilia Naftali, Mwanangu, mimi na umri huu wangu, mchana kweupe, mpaka mjukuu wake akatoka ndani kuuliza kuna nini na bibi yake akamwambia kuna wageni wa msiba. Aliponisindikiza mlangoni aliniambia neno moja zaidi. "Ungeniambia siku ile, ningekasirika mwaka mmoja, miwili. Halafu ningekuwa na mtu wa kuzungumza naye. Badala yake nimekaa miaka yote hii na mtu anayepogolea kahawa." Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikuwa namkosa Naftali upande huu wa mfereji, na yeye anamkosa upande ule, na kila mmoja analia kwake.

Basi sikiliza, afisa mpya. Yule sajenti wako wa Usa River ni hazina. Kabla hujaamua, muulize, na umsikilize kwa masikio yote mawili, maana ameona vingi kabla hujazaliwa. Siku za mapumziko, mkikutana kanisani au sokoni, mwamkie hata mara mbili. Lakini ukiwa na nyota begani usimwachie mzigo wako kwa kisingizio cha adabu. Yeye anakusubiri useme. Wanakusubiri wote. Ukiona ni kuondoka, sema ondokeni. Ukiona ni kubaki, sema bakini, kisha wape kila ulichonacho cha kuwasaidia kubaki. Kukosea utakosea, hakuna kamanda asiyekosea, na kosa la mtu aliyeamua huwa lina njia ya kurekebishwa, kwa sababu angalau watu wanajua wanafanya nini. Mimi sikukosea uamuzi. Mimi sikuamua, nikaita jambo hilo heshima, na lile neno tamu la nyumbani ndilo lililomwacha baba yangu wa pili peke yake darajani.

Tena usiogope kwamba atakuona huna adabu. Naftali aliandika kwa mkono wake kwamba alichoogopa ni mimi kushindwa kumwamuru. Mzee anayekupenda hutaka kukuona umesimama.

Mungu akubariki, Upendo, binti wa mdogo wangu. Akupe masikio ya kusikia wakubwa zako, na baada ya kuwasikia akupe sauti. Akulinde wewe na kila mtu atakayewekwa chini yako, awarudishe wote kwa mama zao. Na ikitokea yupo asiyerudi, basi Mungu akupe miguu ya kwenda kwao siku hiyo hiyo, ukae chini, ukawaambie, "Niliamua mimi," ulie nao.